Mwongozo kamili wa kuchagua paki ya michezo ukiwa na matineja, kwa familia zinazoanzia safari Arusha au Moshi

Mtoto wa miaka sita ukimpeleka popote penye bembea na aiskrimu anafurahi, imeisha hiyo. Tineja siyo hivo. Tineja anaweza kukaa kwenye benchi ndani ya paki iliyokula mamilioni yako, earphone masikioni, anakuuliza tunaondoka saa ngapi, na wewe mzazi umenuna pembeni unapiga hesabu ya ada ya Januari. Sasa huu mwongozo ni wa wenye watoto wa kuanzia kama miaka 12 mpaka 18, wa huku kwetu, wanaotaka likizo moja ya maana kwenye sehemu zenye rola kosta, slaidi za maji na vitu vya kupigia kelele mpaka sauti ikauke. Habari za tembo na twiga tunaziacha, hao watoto wetu wameshawaona kwenye ziara za shule mpaka wamechoka.

Msimamo wangu niuseme mapema. Watu wengi wanaanza na jina la paki. Wameona video, wameshaamua Dubai au Florida, wameshatangaza kwenye grupu la ukoo, alafu ndo wanaanza kuhangaika na viza na hela. Anza kinyume: watoto kwanza, kalenda ya pili, makaratasi ya tatu, hela ya nne, na paki ije mwisho. Ukifika mwisho utakuta imebaki moja au mbili tu na wala hamna cha kubishania.

Hatua ya 1: Wajue watoto ulionao leo

Leo, siyo wale wa miaka mitatu iliyopita. Chukua futi ya fundi cherehani, simamisha kila mtoto ukutani bila viatu, andika urefu. Mashine nyingi kubwa zina kiwango cha chini cha urefu na hawana mchezo nacho, kwa mfano Formula Rossa ya Ferrari World pale Abu Dhabi inataka sentimita 140. Kuna watoto wa darasa la saba na form one ambao bado hawajafika hapo, hasa kama kwenye familia mnarefuka kwa kuchelewa. Na kule getini kuna mtu amesimama na fimbo ya kupimia, hajali umetoka Moshi na umeunganisha ndege ngapi, mtoto akipungua vidole viwili anarudishwa mbele ya watu wote. Kwa mtoto wa miaka 13 hiyo aibu haiishi leo wala kesho. Kwaiyo vipimo hivyo viwe kwenye simu yako, ukiingia kwenye tovuti ya paki yoyote unalinganisha mashine moja moja kabla hata hujauliza bei. Baadhi ya slaidi za maji zina kikomo cha uzito pia, hiyo wanaisahau wengi.

Afya nayo ni sehemu ya hatua hii. Mwenye shida ya moyo, mgongo, kifafa, au aliyefanyiwa upasuaji juzijuzi, mashine zenyewe zinamkataza, imeandikwa kwenye kibao. Mwenye selimundu, ongea na daktari wake wa kliniki kabla ya kulipa chochote, maana baridi ya maji, kukaukiwa maji mwilini na kuchoka sana ndo vitu vyenyewe vinavyoamsha maumivu, na paki inakupa vyote vitatu kwa siku moja.

Alafu kuogelea. Tuwe wakweli, sisi watu wa milimani wengi hatujui. Kabla hujalipia paki ya maji wapeleke Chemka wikiendi moja, pale Kikuletwa ukikatia Boma Ng'ombe, uone nani anajirusha na ile kamba, nani anashika mizizi ya mti hataki kuachia. Maji ya pale yana kina, kwaiyo asiyejua avae boya na mtu mzima awe ndani ya maji, siyo juu kwenye kivuli anakula chipsi. Ndani ya masaa mawili utajua kama hela yako iende kwenye slaidi au kwenye rola kosta, na kama kuna anayehitaji mwezi mmoja wa masomo kwenye bwawa la hoteli hapo mjini.

Mwisho wa hatua hii ni kura, na iwe ya siri. Ukiwauliza mezani wote watajibu wakubwa wao wanavyojibu. Gawa karatasi, kila mtu aandike vitu vitatu anavyovitaka na kimoja asichokitaka kabisa, bila jina. Kuna familia ya Njiro nilikuwepo wakifanya hivi, kaka mkubwa form five, mezani ndo alikuwa anapiga kelele kuliko wote, anataka kitu chenye kasi kuliko vyote duniani, basi zikafunguliwa karatasi, moja ina mwandiko ambao mama mtu aliutambua palepale: "sitaki kitu cha kichwa chini ila dada asijue." Mama akaikunja akaiweka mfukoni, akasema nyingine haisomeki. Taarifa kama hiyo inaokoa hela nyingi sana.

Hatua ya 2: Kalenda, na hapa ndo pana mitego

Likizo ndefu za shule zetu ni mbili, ya Juni inayoingia mwanzoni mwa Julai na ya Desemba. Shule za kimataifa zina kalenda yao, wao wana nafasi zaidi.

Juni na Julai ni majira ya joto kali Emirati, nje inapita nyuzi 40, na usiku haipoi. Hiyo haimaanishi usiende, maana paki kubwa za kule ziko ndani ya majengo yenye AC, inamaanisha tu chagua za ndani. Kipindi hicho hicho Johannesburg ni baridi haswa, asubuhi inakaribia sifuri, na mtu akikuuzia paki ya maji ya kule mwezi Juni mwangalie mara mbili. Ila Durban, iliyoko baharini, inabaki na mchana wa vuguvugu.

Desemba hali inageuka. Emirati hali ya hewa ni safi na kwa sababu hiyohiyo dunia nzima iko kule, bei juu, na tarehe 2 Desemba wana sikukuu yao ya taifa watu wanajaa. Afrika Kusini ni kiangazi, shule zao zimefungwa, foleni kila mahali. Na huku nyumbani kuna jambo ambalo mwongozo wa mtu wa nje hautakuambia: Krismasi. Kama ni Wachaga, au umeoa au kuolewa huko, kuondoka Moshi tarehe 22 wakati ukoo mzima unapanda kutoka Dar ni kesi ya kujibu mbele ya bibi mpaka Pasaka. Nendeni kabla ya tarehe 20, au ondokeni tarehe 27 baada ya nyama kuisha. Faida ya kushuka Dar kabla ya Krismasi ni kwamba mnaenda kinyume na watu, mabasi yamejaa kuja huku, ya kushuka yana nafasi.

Kipindi kizuri kuliko vyote, na hakitumiwi na wengi, ni cha mtoto aliyemaliza form four. Anamaliza Novemba, form five ni mpaka Julai mwaka unaofuata, yuko nyumbani anamaliza bando tu. Aliyemaliza la saba naye anamaliza Septemba, yuko huru mpaka Januari. Kama wadogo zake wanaweza kusubiri shule zifunge, sawa, kama hawawezi basi mzazi mmoja atoke na huyo mkubwa peke yao katikati ya wiki, bei ya chini na foleni fupi.

Hatua ya 3: Makaratasi

Hii ndo inayokata majina mengi kwenye orodha, kwaiyo ifanye kabla ya kuota.

Pasi ya kusafiria ni 150,000 kwa kila mtu na mtoto naye ni mtu. Familia ya watu watano ambao hawana ni 750,000 kabla hujatoka nyumbani. Maombi unajaza mtandaoni kwa Uhamiaji, na wengi wanakwama kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, unakuta jina la shule siyo jina la cheti, au cheti ni kile cha zamani. Nenda RITA mapema. Kama pasi mnazo, angalia kama zimebaki na miezi sita au zaidi kuanzia siku ya safari.

Kenya hamna viza. Afrika Kusini Mtanzania anaingia bila viza kwa matembezi, mpaka siku 90 kwa mwaka. Kwa hizo nchi, beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kama anasafiri mzazi mmoja tu, au watoto wanaenda na shangazi, beba barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo iliyogongwa muhuri wa wakili. Afrika Kusini wamekuwa wakali kwenye suala la watoto na usafirishaji haramu, na afisa ana haki ya kuuliza.

Emirati viza inahitajika, inaombwa kupitia shirika la ndege, hoteli au ejenti. Ulaya unaomba viza ya Schengen, moja inayotumika nchi nyingi za kule, ada ni euro 90 kwa kila aliyefikisha miaka 12, kwaiyo matineja wote wanalipa kama wewe. Marekani ada ni dola 185 kwa kichwa, fomu ndefu, unaenda Dar ubalozini kwenye interview, na kuanzia Januari 2026 Marekani ilisimamisha viza za matembezi kwa Watanzania, kwaiyo ulizia kwanza. Watu watano ni dola 925 na ukinyimwa hazirudi. Mimi siwezi kumshauri mtu aanze na Florida, hata kama paki za kule ndo baba lao, Walt Disney World peke yake ina paki nne kubwa na slaidi za maji juu yake, na Universal walifungua nyingine mpya, Epic Universe, Mei 2025. Kama una ndugu kule na viza mnazo tayari, hiyo ni habari nyingine.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano: chanja angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Ukipata cheti saivi ni cha maisha, hakiishi baada ya miaka 10 kama zamani. Usidhani ni ya kuingilia kule tu, ukirudi kutoka Kenya unaweza kuulizwa hapa mpakani kwetu. Na wanaovuka na gari yao wanahitaji kadi ya njano nyingine, ya bima ya COMESA, pamoja na kibali cha muda cha gari. Nimeshamshuhudia mzee mmoja Namanga anaonyesha ya chanjo kwenye dirisha la bima, anasisitiza kwamba ni ya njano na anayo.

Hatua ya 4: Hela, yote, siyo ya tiketi

Tiketi ya paki ndo kitu kidogo kwenye hesabu. Inayokula ni kufika, kulala na kula. Chora karatasi yenye nauli, viza na pasi, vyumba, usafiri wa kule kwa kule, tiketi, chakula, hela ya mfukoni ya kila mtoto, na ziada ya dharura.

Matineja wana ubaya wao hapa. Kwenye ndege, akishatimiza miaka 12 ni mtu mzima, nauli kamili. Kwenye paki ni hivyohivyo, bei ya mtoto mara nyingi inaangalia umri mdogo au urefu. Hotelini chumba kimoja hakiwachukui watano wa saizi hiyo, unachukua viwili, au unatafuta apatimenti yenye jiko. Mi napendelea apatimenti, siyo kwa ajili ya ujanja wa hela tu, kijana wa kidato cha tatu baada ya siku nzima kwenye rola kosta anakula kwa kiwango ambacho hakuna hoteli itakupa kwa bei ya kawaida, unanunua mkate, mayai na maziwa, usiku umeisha.

Kwa picha ya bei: Ferrari World na IMG Worlds za Emirati zote zinapita dirham 300 kwa mtu kwa siku, na dirham imefungwa na dola, dola moja ni dirham 3.67 hivi, kwaiyo kwa hela yetu ni laki mbili na zaidi kwa kichwa. Mara watano, mara paki mbili, unaona inakoelekea. Gold Reef City ya Johannesburg ni sehemu ndogo sana ya hiyo bei.

Alafu fanya hesabu moja ambayo inashtua: gawanya jumla yote kwa masaa mtakayokuwa ndani ya paki kweli. Safari ya siku saba Florida yenye siku mbili za kusafiri na moja ya kulala fofofo kwa uchovu wa mabadiliko ya saa, masaa yake ya paki ni ghali sana. Emirati tumepishana nao saa moja, Afrika Kusini saa moja upande wa pili, mtoto anaamka kama kawaida.

Hatua ya 5: Sasa paki zenyewe

Nikipanga kwa umbali kutoka hapa.

Dar. Kunduchi kuna Wet 'n' Wild, slaidi za maji karibu na bahari, na Kigamboni kuna Fun City yenye mashine na maji. Kwa mtoto ambaye hajawahi kupanda chochote, hii inatosha kuanzia na mnalala kwa anko. Kijana wa miaka 17 aliyeshiba video za mtandaoni ataimaliza kabla ya saa nane mchana, kwaiyo iwe siku moja katika safari yenye mambo mengine, bahari, sinema, kwenda Unguja na boti.

Mombasa kwa wa Moshi ni karibu kuliko watu wanavyofikiri. Holili, Taveta, Voi, lami yote, na jioni mko pwani. Nyali kuna Wild Waters, paki ya slaidi, na wakichoka kuna bahari. Wa Arusha wanaweza kushuka Nairobi kwa shatoli za Namanga, siku ya kwanza wakacheza pale Two Rivers kwenye mashine na lile gurudumu kubwa, kesho yake SGR mpaka Mombasa. Hiyo treni yenyewe kwa matineja ni sehemu ya likizo, inakatiza Tsavo na wanapata picha zao. Tiketi zake wakati wa likizo zinaisha mapema sana.

Johannesburg, na hii ndo chaguo langu kwa familia nyingi za huku zinazotoka nje kwa mara ya kwanza. Viza hamna, ndege kutoka KIA unaunganisha mara moja, Addis au Nairobi, bei za kule zinavumilika. Gold Reef City imejengwa juu ya mgodi wa kweli wa dhahabu wa Crown Mines, ina Anaconda ambayo miguu inaning'inia hewani na reli iko juu yako, na ina Tower of Terror ambayo inakupandisha alafu inakudondosha wima mpaka ndani ya shimo la mgodi, hiyo inajulikana kwa mgandamizo wa 6.3 G, yaani unajisikia mzito mara sita na kitu ya uzito wako, ni sekunde chache lakini uso unarudi nyuma kabisa. Ukitoka kwenye mashine kuna ziara ya kushuka chini ya ardhi na kofia ya mgodi na taa, unaona dhahabu iliyoyeyuka ikimiminwa. Mtoto wa huku ambaye amekua anasikia habari za Mererani kila siku atauliza maswali mengi kuliko mnavyotegemea. Na jirani kabisa kuna Apartheid Museum, iliyofunguliwa 2001, ambapo getini tiketi inakupangia kwa bahati nasibu uingie mlango wa "weupe" au wa "wasio weupe", familia inagawanyika palepale mlangoni. Wale wakubwa wa O-level na A-level wanaosoma historia wataelewa zaidi hapo kuliko kwenye noti za mwaka mzima. Hiyo makumbusho itengeeni nusu siku nzima, na isiwe baada ya kutapika kwenye Anaconda.

Tahadhari za Joburg mnazijua: usiku hamtembei kwa miguu, mnaita gari kwa programu ya simu, simu haionyeshwi barabarani. Kuna hoteli humo humo Gold Reef City, inapunguza mizunguko. Paki haifunguliwi siku zote za wiki nje ya likizo zao, angalia kalenda yao kabla ya kukata ndege. Kama ni Desemba na mna siku za ziada, Sun City iko kama masaa mawili kwa gari, ina Valley of Waves yenye bwawa la mawimbi. Kama ni Juni, shukeni Durban kwenye uShaka, slaidi na akwariamu kubwa pamoja.

Emirati. Wengi wakisema Dubai wanamaanisha vitu vilivyoko Abu Dhabi. Ferrari World, Yas Waterworld, Warner Bros. World na SeaWorld zote ziko Yas Island, Abu Dhabi, na kutoka Dubai mjini ni saa moja na kitu barabarani, kwenda na kurudi ni masaa mawili na zaidi yanayopotea kwenye teksi. Kama mnachotaka ni hizo, shukeni uwanja wa Abu Dhabi ambao uko karibu na Yas, laleni hukohuko, kuna basi za bure za kuzungusha wageni kati ya paki, na kuna tiketi za pamoja za paki mbili na zaidi. Formula Rossa inafika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde kama tano, wanavaa miwani maalum maana hata mdudu mdogo kwa kasi hiyo ni jiwe. Kwa miaka mingi ndo ilikuwa yenye kasi kuliko zote duniani. Ila iko nje, upepo ukiwa mkali au joto likizidi inaweza kusimamishwa, mwandae mtoto kwa hilo. Warner Bros. World yote iko ndani, nzuri kwa mwenye tineja na mdogo wa miaka nane pamoja.

Dubai yenyewe kuna IMG Worlds of Adventure, iko ndani yote, ina Velociraptor inayotoka nje ya jengo na kurudi, na kuna Motiongate. Kwa maji kuna Aquaventure na Wild Wadi. Legoland iruke, wenyewe wanasema ni ya miaka 2 mpaka 12, na nimeona ejenti zinaiweka kwenye kifurushi cha "familia" bila hata kuuliza watoto wana umri gani.

Paris ni ya wenye ndugu Ulaya. Disneyland ya pale ilifunguliwa 1992, ina paki mbili, vijana wanaipenda ile ya pili zaidi, na treni kutoka mjini inakushusha mlangoni. Juni wao ni siku ndefu, jua linachelewa kuzama mpaka karibu saa nne usiku.

Hatua ya 6: Kubuku bila kulia

Ejenti akikupa bei ya jumla, mwambie aiandike mstari kwa mstari: nauli, mizigo, viza, hoteli na aina ya vyumba, tiketi za paki gani na za siku ipi, usafiri. Akisema "kila kitu kimo", hapo hakuna kitu. Muulize tiketi ni ya tarehe maalum au ya wazi, muulize viza ikikataliwa nani anabeba hasara. Tiketi za paki zenyewe unaweza kununua mwenyewe kwenye tovuti zao kwa kadi ya benki, na mara nyingi mtandaoni ni nafuu kuliko getini, ila hakikisha benki yako imefungua kadi kwa manunuzi ya nje. Utaratibu wangu: viza kwanza, ndege ya pili, paki ya mwisho.

Panga siku moja ya paki, siku moja ya kupumua, alafu paki ya pili. Paki tatu mfululizo hata mtoto mwenye nguvu za ng'ombe anakuwa mkorofi siku ya tatu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fikeni kabla mlango haujafunguliwa. Zikifunguliwa saa nne asubuhi, nyie muwe pale saa tatu na nusu, na mkiingia msisimame kwenye duka wala kupiga picha, nendeni moja kwa moja kwenye mashine kubwa kuliko zote, maana saa tano foleni yake inakuwa saa nzima kwa mchezo wa dakika mbili. Mchana wenzenu wakila nyie mnapanda, kuleni saa tano au saa tisa. Baadhi ya mashine zina foleni ya wanaopanda mmojammoja, matineja hawaoni tabu kukaa na mgeni, inaenda haraka. Tiketi za kupita foleni zinauzwa kwa bei ya kuumiza, nunua kama ni siku ya wikiendi ya kilele na mna siku moja tu.

Miaka 14 na kuendelea waachie wazunguke wenyewe, wawili wawili, na sehemu ya kukutana iliyo wazi, mfano chini ya saa kubwa kila baada ya masaa mawili. Usitegemee simu peke yake. Emirati meseji za WhatsApp zinaenda vizuri lakini simu za WhatsApp zimezuiwa, wazazi wengi wanagundua hilo mtoto akiwa amepotea. Nunua laini ya kule au eSIM, angalau kwa simu mbili. Hela ya mfukoni mpe ya siku nzima asubuhi, ikiisha imeisha, utashangaa anavyokuwa mchumi ghafla kwenye duka la kofia za Ferrari.

Nywele. Mabinti wenye rasta ndefu na mawigi, hapa sitanii, kwenye rola kosta wigi linaondoka na kwenye slaidi rasta zikilowa ni nzito kama kamba ya ng'ombe. Suka fupi za kulala kichwani kabla ya safari, beba kofia ya kuogelea. Wanaojisitiri wasiwe na wasiwasi, paki za maji za Emirati wanaruhusu burkini, shida ni nguo za pamba na khanga, hizo wanakataza kwenye slaidi. Miwani, simu na cheni vinabaki kwenye kabati la kukodi.

Dawa: kama kuna mtu anatumia za kifafa, za akili au za maumivu makali, Emirati wana orodha ya dawa zinazodhibitiwa, tramadol na zenye codeine zimo. Beba cheti cha daktari na uangalie utaratibu wao wa kibali kabla ya safari.

Kurudi, acha angalau siku mbili kabla ya shule kufungua. Ndege za kuunganisha zinachelewa, na kutoka KIA bado kuna barabara mpaka nyumbani, sare hazijafuliwa, na wa bweni ana lori zima la vitu vya kununua soko kuu kesho yake.